Picha zako zirudi mikononi mwako: kusimamisha seva ya nyumbani bila kuifungulia dunia mlango

Picha ya simu hubeba zaidi ya sura za watu. Ndani ya faili mna tarehe na saa hadi sekunde, aina ya simu, na kama hukuzima huduma ya mahali, latitudo na longitudo za pale uliposimama. Picha moja haisemi mengi. Picha elfu ishirini zinasema unalala wapi, mwanao anasoma wapi, unatibiwa wapi, na ni rafiki gani ambaye hamjaonana tena tangu mwaka juzi. Wengi wetu tumeikabidhi hazina hiyo kwa kampuni, kwa kubofya "Nakubali" siku tuliyowasha simu mpya.

Mwaka 2022 gazeti la The New York Times liliandika habari za baba mmoja wa San Francisco. Mwanawe mdogo alikuwa mgonjwa, naye akampiga picha ili daktari aone tatizo. Picha zikapanda zenyewe kwenye wingu, yaani hifadhi ya kampuni kwenye intaneti, mfumo wa Google ukazihesabu kuwa za uhalifu, na akaunti yake ikafungwa: barua pepe, picha, mawasiliano, hata namba ya simu. Polisi walichunguza wakaona hana kosa. Akaunti haikurudi.

Wapo watakaosema dawa ni wingu lililosimbwa, ambalo hata kampuni yenyewe haiwezi kusoma kilichomo. Ni dawa nzuri, lakini kibali chake kiko kwa mtoaji. Apple walileta ulinzi wa aina hiyo kwa hifadhi ya iCloud mwishoni mwa 2022. Februari 2025 waliuondoa kwa watumiaji wa Uingereza. Wateja hawakuwa wamefanya lolote. Uamuzi ulifanyika juu ya vichwa vyao.

Sisemi kampuni hizi ni wezi. Wataalamu wao wa usalama ni wengi na wanajua kazi kuliko mimi na wewe. Ninachouliza ni nani mwenye neno la mwisho juu ya picha za mwanao. Nataka neno hilo liwe lako, na kwa kazi hiyo huhitaji kuwa mhandisi. Unahitaji kompyuta ya zamani, diski mbili, na siku mbili tulivu.

Ushauri wangu unatofautiana na wa wengi wanaohubiri seva za nyumbani, yaani kompyuta yako mwenyewe inayohifadhi data na kuvihudumia vifaa vyako vingine. Usihamishe kila kitu. Hamisha picha tu kwanza, na usiache hata huduma moja ya seva hiyo ionekane kwenye intaneti ya hadhara. Barua pepe iache ilipo: kuendesha seva ya barua kunadai rekodi za SPF, DKIM na DMARC (zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli) zikae sawasawa, anwani ya IP (namba ya nyumba yako kwenye intaneti) yenye sifa njema, na poti, yaani mlango wa mtandao, ya 25 ambayo watoa huduma wengi wa intaneti ya nyumbani huifunga. Ukikosea, barua zako zinaishia kwenye taka za wengine na hutajua.

Mashine

Kompyuta mpakato iliyopumzishwa ndiyo seva bora ya kuanzia. Inakula umeme kidogo, na betri yake inaibeba pale umeme unapokatika. Ikiwa na RAM ya GB 8 inatosha. Tuseme inatumia wati 15 mchana na usiku: kwa mwezi wa siku 30 ni uniti 10.8 za umeme. Ikiwa BIOS yake (mipangilio ya msingi ya mashine) inaruhusu kuweka kikomo cha chaji, weka asilimia 80, maana betri inayokaa imejaa miezi yote huzeeka upesi na inaweza kuvimba. Ichungulie mara kwa mara. Ukiona kifuniko cha chini kimeinuka, itoe.

Kadirio la nafasi ni rahisi. Picha ya simu ikiwa na wastani wa MB 3, picha 20,000 ni GB 60. Kinachomaliza diski ni video, kwa hiyo nunua diski ya TB 1 au zaidi, na ya pili yenye ukubwa uleule kwa ajili ya nakala ya akiba. Usianze kabla ya kupata ile ya pili.

Sakinisha Debian, mfumo endeshi huria wa aina ya Linux, bila mazingira ya dirisha, yaani kwenye orodha ya programu chagua seva ya SSH (ya kuiongoza mashine ukiwa kwenye kompyuta nyingine) na zana za kawaida tu. Ili mashine isilale ukifunga kifuniko, fungua faili `/etc/systemd/logind.conf`, weka `HandleLidSwitch=ignore`, kisha uiwashe upya. Iunganishe na ruta kwa kebo, si kwa waifai, na kwenye ruta iwekee anwani ya ndani isiyobadilika. Katika mifano yangu ni 192.168.1.50.

Funga kwanza, ndipo usakinishe

Watu husakinisha programu, wakafurahi, wakasahau kufunga. Sisi tunaanza kwa kufunga.

Kwenye kompyuta yako ya kila siku tengeneza jozi ya funguo, kisha peleka ule wa wazi kwenye seva:

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id jina@192.168.1.50
```

Jaribu kuingia. Ukishaingia bila kuulizwa nywila ya seva, andika `PasswordAuthentication no` kwenye `/etc/ssh/sshd_config` na uiwashe upya huduma ya SSH. Usifunge dirisha ulilonalo hadi dirisha la pili lifanikiwe kuingia. Ukikosea herufi moja na dirisha ni hilo moja tu, utalazimika kwenda kuchomeka kibodi kwenye seva.

Halafu ngome (ufw, programu inayochuja nani aingie), na masasisho ya usalama yanayojisakinisha yenyewe. Mistari ya 51820 na `wg0` ni ya WireGuard, njia ya siri tutakayoijenga hapa chini:

```
sudo apt install ufw unattended-upgrades
sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 22 proto tcp
sudo ufw allow 51820/udp
sudo ufw allow in on wg0
sudo ufw enable
```

Nikisema funga, kuna anayejibu, "Nani atajua nina seva?" Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa programu ya ZMap, inayoweza kubisha hodi kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa chini ya dakika 45, ikiwa kwenye kompyuta moja yenye intaneti ya kasi. Anwani hizo ni takribani bilioni 4.3. Hakuna anayehitaji kukujua. Roboti inapita kila mlango, usiku na mchana, na inaponyonga kitasa haiulizi mwenye nyumba ni nani.

Njia ya siri

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, kwa hiyo usiparuke. Simu yako ikiwa mbali na nyumbani inatakiwa iifikie seva, lakini mwingine yeyote asiione. Tutatumia WireGuard, kazi ya Jason Donenfeld, ambayo tangu Machi 2020 imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Ninaipendea ukimya wake. Pakiti isiyo na ufunguo sahihi haijibiwi kabisa, hata kwa neno "hapana". Anayebisha kutoka nje haoni dalili kwamba kuna kitu.

Sakinisha na utengeneze funguo jozi mbili, moja ya seva na moja ya simu:

```
sudo apt install wireguard qrencode
umask 077
wg genkey | tee seva.siri | wg pubkey > seva.wazi
wg genkey | tee simu.siri | wg pubkey > simu.wazi
```

Kwenye seva, faili `/etc/wireguard/wg0.conf` liwe hivi:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (yaliyomo kwenye seva.siri)

[Peer]
PublicKey = (yaliyomo kwenye simu.wazi)
AllowedIPs = 10.8.0.2/32
```

Na la simu, uliite `simu.conf`:

```
[Interface]
Address = 10.8.0.2/32
PrivateKey = (yaliyomo kwenye simu.siri)

[Peer]
PublicKey = (yaliyomo kwenye seva.wazi)
Endpoint = anwani-ya-nyumbani:51820
AllowedIPs = 10.8.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Mstari wa `AllowedIPs` wa simu unasema ni safari za kwenda kwenye seva tu zinazopita njia hii. Matumizi mengine ya simu yanaendelea kama kawaida. Washa kwa `sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0`, kisha `qrencode -t ansiutf8 < simu.conf` itachora msimbo kwenye skrini, uusome kwa programu ya WireGuard ya simu. Ukimaliza, futa faili za funguo za simu kwenye seva. Kila mwanafamilia apewe jozi yake na anwani yake. Simu ikipotea, unafuta kipande chake cha `[Peer]` na habari imeisha.

Kwenye ruta, elekeza poti 51820 ya UDP kwenda 192.168.1.50. Hiyo ndiyo poti pekee tutakayoielekeza katika mwongozo huu wote. Kama mtoa huduma hubadilisha anwani yako ya nje kila mara, chukua jina kutoka huduma ya DNS (inayogeuza jina kuwa anwani) inayofuata mabadiliko, kama DuckDNS, na uliandike kwenye `Endpoint`.

Kuna kikwazo kinachowakatisha wengi tamaa. Tazama kwenye ruta anwani yake ya nje ni ipi. Kama inaanzia 100.64 hadi 100.127, au ni tofauti na ile inayoonyeshwa na tovuti za kupima anwani, basi mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na kuelekeza poti hakutasaidia. Kwanza muulize kama anatoa anwani ya hadhara. Asipotoa, tumia Tailscale, ambayo imejengwa juu ya WireGuard. Vifaa vyako vinakutanishwa na seva yao, lakini funguo za siri hazitoki kwenye vifaa, kwa hiyo wanajua vifaa vyako vinaongea bila kusikia vinaongea nini. Ni upungufu, ila ni mdogo ukilinganisha na unachokiacha. Baadaye, ukiwa umezoea, seva hiyo ya kukutanisha unaweza kuisimamisha mwenyewe kwa programu huria iitwayo Headscale.

Diski iliyosimbwa

Mwizi wa seva ya nyumbani huenda akaitaka kompyuta tu, lakini picha zitaondoka nayo. Kwa hiyo diski ya picha isimbwe. Amri ya pili hapa inafuta kila kilichomo, basi hakikisha kwa `lsblk` kwamba `sdb1` ndiyo diski yenyewe:

```
sudo apt install cryptsetup
sudo cryptsetup luksFormat /dev/sdb1
sudo cryptsetup open /dev/sdb1 hazina
sudo mkfs.ext4 /dev/mapper/hazina
sudo mkdir -p /srv/hazina
sudo mount /dev/mapper/hazina /srv/hazina
```

Nimeacha diski ya mfumo bila kusimbwa kwa makusudi. Mashine ikijiwasha upya, inawaka yenyewe hadi mwisho, nawe unaingia kwa SSH kupitia WireGuard, hata ukiwa safarini, kufungua diski ya picha kwa nywila. Ungesimba yote, ingekusubiri kwenye skrini ya nyumbani. Gharama yake ni kwamba aliyeiba mashine anaupata ufunguo wa WireGuard wa seva, kwa hiyo ikiibwa tengeneza funguo mpya zote.

Mpangilio huu una mtego, nao ulinigharimu siku mbili. Umeme ulikatika usiku hadi betri ikaisha, mashine ikawaka tena, programu ya picha ikajiwasha kabla sijafungua diski. Ikaikuta `/srv/hazina` ni folda tupu, ikaanza maisha mapya humo. Asubuhi nilifungua simu nikaona hakuna picha hata moja, na sikuwa nimeelewa bado kwamba ziko salama kwenye diski ambayo bado imefungwa. Tangu hapo hakuna huduma ya picha inayojiwasha yenyewe kwangu. Naandika hati fupi, `fungua.sh`, ninayoiendesha kwa mkono (mistari yake miwili ya mwisho inawasha Immich, programu ya picha tutakayoisakinisha hapa chini):

```
#!/bin/sh
set -e
cryptsetup open /dev/sdb1 hazina
mount /dev/mapper/hazina /srv/hazina
cd /srv/immich
docker compose up -d
```

Ule mstari wa `set -e` ndio mlinzi: hatua moja ikishindwa, zinazofuata hazifanyiki.

Immich

Programu yenyewe ni Immich. Ni huria, ina programu ya simu inayopakia picha zikishapigwa, na utambuzi wake wa sura unafanyika ndani ya mashine yako. Inaendeshwa kwa Docker, zana inayoendesha programu ndani ya visanduku viitwavyo kontena, kwa hiyo sakinisha Docker kwa maelekezo ya waundaji wake, kisha pakua kwenye `/srv/immich` faili mbili ambazo Immich hutoa kwa kila toleo: `docker-compose.yml` na `example.env`, na hilo la pili uliite `.env`. Kwenye `.env` badilisha mambo matatu: `UPLOAD_LOCATION` iwe `/srv/hazina/picha`, `DB_DATA_LOCATION` iwe `/srv/hazina/hifadhidata`, na `DB_PASSWORD` iwe nywila ndefu ya herufi na tarakimu. Kwenye lile faili jingine, kila penye `restart: always` weka `restart: "no"`, kwa sababu niliyoieleza.

Sasa jambo ambalo wasimamizi wazoefu pia huteleza. Docker hufungua poti zake kwa kanuni zake yenyewe, na kanuni hizo zinapita pembeni ya ufw. Unaweza kuwa na ngome iliyofungwa barabara na kontena lililo wazi kwa mtandao mzima. Kinga ni kuitaja anwani kwenye mstari wa poti:

```
ports:
  - "10.8.0.1:2283:2283"
```

Hivyo Immich inasikiliza ndani ya njia ya WireGuard tu. Kama ruta yako haikubali simu iliyo nyumbani kuingia kupitia anwani ya nje, ongeza mstari wa pili wenye `192.168.1.50:2283:2283`, ukijua kwamba hapo yeyote aliye kwenye waifai yako ataufikia ukurasa wa kuingia.

Endesha `sudo sh fungua.sh`, subiri dakika chache, washa WireGuard kwenye simu, fungua `http://10.8.0.1:2283`. Akaunti ya kwanza unayoiunda ndiyo ya msimamizi. Hakuna "s" kwenye anwani hiyo, nami sioni tatizo, kwa kuwa kila kitu kinasafiri kimesimbwa ndani ya WireGuard.

Picha za zamani zilizo kwa Google utazichukua kupitia Google Takeout. Zinakuja kwenye mafurushi ya zip, na taarifa nyingi, kama tarehe zilizosahihishwa na maelezo, zimetengwa kwenye faili za JSON pembeni. Ukizipakia hivihivi, nyingine zitajipanga tarehe isiyo yake. Programu ndogo ya immich-go inazisoma faili hizo na kurudisha kila taarifa kwenye picha yake, tumia hiyo.

Nakala, kabla hujafurahi

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Kampuni kubwa, wahandisi wa kutosha, na bado wapo wateja waliopoteza data moja kwa moja, kwa sababu hawakuwa na nakala mahali pengine. Diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja si nakala ya akiba: ukifuta kwa bahati mbaya, zinafuta zote mbili kwa utiifu uleule.

Tumia restic, programu ya nakala za akiba ambayo husimba nakala yenyewe. Diski ya pili ikiwa imepachikwa kwenye `/mnt/akiba`:

```
sudo restic -r /mnt/akiba init
sudo restic -r /mnt/akiba backup /srv/hazina/picha
```

Immich huandika nakala ya hifadhidata kila usiku kwenye folda ya `backups` ndani ya eneo la picha, kwa hiyo amri hiyo inabeba vyote viwili. Usitegemee kunakili folda ya `hifadhidata` wakati huduma inaendelea. Utapata faili zilizokatwa katikati ya sentensi. Nakala ya tatu ikae nje ya nyumba yako: kwa ndugu, au hata kwenye wingu la kukodi, maana kwao itakuwa rundo la data lisilosomeka. Nywila ya restic na ya diski ziandike kwenye karatasi, karatasi ikae mahali ambapo mtu wako wa karibu anajua. Nawaza siku ambayo wewe hutakuwepo na wanao wanazitaka picha.

Kisha rudisha. Chagua folda moja, itoe kwa `restic restore` kwenye eneo jingine, fungua picha kumi kwa macho yako. Fanya hivyo leo, na tena kila baada ya miezi mitatu.

Matunzo ya kawaida ni kama saa moja kwa mwezi. Debian inajisasisha, Immich haijisasishi, na usiilazimishe. Soma maelezo ya toleo jipya, chukua nakala, ndipo uendeshe `docker compose pull` na `docker compose up -d`.

Kufuta kule ulikotoka

Usikimbilie. Acha seva na wingu viende sambamba kwa miezi miwili au mitatu, huku ukilinganisha idadi ya picha za mwaka mmoja mmoja. Zikilingana, na umesharudisha nakala angalau mara moja, anza kwa kuzima upakiaji wa zamani kwenye kila simu. Hatua hii ni lazima itangulie. Kwenye Google Photos, ukifuta picha iliyopakiwa ukiwa ndani ya programu yao kwenye simu, inafutika pia kwenye simu. Kwa hiyo futa kwa kivinjari cha kompyuta, simu ikiwa imezimwa upakiaji na programu ile imeondolewa akaunti. Anza na mwaka mmoja wa zamani kabisa, kisha angalia simu na seva. Vilivyofutwa hukaa kwenye pipa siku 60, na katika siku hizo unaweza bado kurudisha ulichokosea. Mwaka huo ukipita salama, endelea na unaofuata.